Nyanya za uani Tabora: namna ya kuvuna kila mwaka bila kitanda kukuchoka

Mwaka wa kwanza nyanya za uani hazimsumbui mtu. Unapanda miche ishirini, unamwagilia, unavuna hadi unawagawia majirani. Mwaka wa pili zinapungua, unalaumu jua. Mwaka wa tatu miche inadumaa, majani yanapauka, saa sita mchana yamelala, jioni yanajaribu kuinuka. Hapo wengi mjini kwetu hukata tamaa, wakasema mbegu za siku hizi mbovu, wakarudi kununua mafungu sokoni.

Nami nilifika hapo. Siku niliyong'oa mche mmoja kwa hasira ndipo nilipoona: mizizi yote ilikuwa na vinundu, vingine vidogo kama mtama, vingine vimefika ukubwa wa punje ya mahindi, na ile mizizi myembamba ya kunywea maji karibu imekwisha. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoingia ndani ya mzizi na kuishi humo. Na niliileta mwenyewe. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimebeba magunia mawili ya udongo kutoka kitalu cha zamani cha tumbaku cha mjomba wangu, upande wa Urambo. Ulikuwa mweusi, laini, unavutia.

"Mjomba, huu udongo nauchukua."

"Chukua, mpwa wangu. Tumbaku yenyewe imeukataa."

Hilo neno la mwisho ndilo nililopaswa kulishika. Yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye kosa hilo na miaka niliyotumia kulirekebisha. Kwenye nyanya za nyumbani, kazi kubwa si ile unayoifanya juu ya majani. Kubwa ni kujua kitanda chako kilibeba nini mwaka jana, na utakiachia nini mwaka huu.

Jua kwanza ndugu za nyanya

Nyanya ni ya ukoo mmoja na tumbaku. Ukoo huo una watu wengi tunaowafahamu: nyanya chungu, bilinganya, pilipili hoho, pilipili kali, viazi mviringo, na hata mnavu unaojiotea pembeni ya bafu. Ugonjwa unaomkaa mmoja unaweza kumkaa mwenzake. Ukivuna nyanya ukaweka nyanya chungu, hujabadilisha zao. Umebadilisha jina tu.

Kwetu Tabora jambo hili lina uzito kuliko mikoa mingi kwa sababu tumbaku iko kila upande, Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui. Kwa hiyo usilete uani udongo wa kitalu au wa shamba la tumbaku, usitandaze mabua yake kama matandazo, na usitumie jembe lililotoka huko kabla ya kulikwangua na kuliosha. Anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, maana kuna virusi vya tumbaku vinavyosababisha batobato, navyo husafiri kwenye vidole. Mzee wa nyumbani akikuuliza kwa nini unamnawisha kabla hajakusaidia kufunga nyanya, mweleze vizuri, ataelewa.

Ardhi yetu nayo ina lake. Sehemu kubwa ya mji na vijiji vyake ni mchanga, na minyoo fundo hupenda mchanga kuliko mfinyanzi kwa sababu inatembea kwa urahisi kati ya punje. Mchanga huohuo haushiki maji wala mbolea. Ndiyo maana mboji kwetu si anasa.

Gawa eneo lako vitanda vinne

Hata kama una nafasi ndogo, igawe mara nne. Kitanda cha mita 1 kwa mita 4 kinabeba miche kumi na minne hivi, na hiyo inatosha kabisa familia ya watu sita kwa mboga ya kila siku. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Tabora ni mji wa miembe, na kivuli cha mwembe ni kizuri kwa wageni na mkeka, si kwa nyanya. Isitoshe mizizi yake itakunywea maji yote.

Nyanya ikae kitanda kimoja kwa msimu mmoja, kisha isirudi hapo mpaka miaka mitatu ipite. Kuhusu kinachofuata baada ya nyanya, watu hukosea hapa mara nyingi. Bamia inashambuliwa sana na minyoo fundo. Matango, maboga na tikiti vilevile. Mchicha nao unaweza kuilisha. Ukifuatisha nyanya na bamia umeipikia minyoo chakula cha pili.

Mpango wangu ni huu. Baada ya nyanya napanda karanga, ambazo minyoo hii ya kwetu kwa kawaida haizipendi, na zinaongeza naitrojeni kwenye udongo. Mwaka unaofuata naweka vitunguu au mahindi. Mahindi hayaimalizi minyoo, ila yanakata mnyauko wa bakteria, kwa hiyo yana nafasi yake. Mwaka wa tatu ni wa marejea, ule mmea wa maua ya njano ambao wakulima wa kusini wamekuwa wakiupanda kurutubisha mashamba. Minyoo inaingia kwenye mizizi ya marejea lakini inashindwa kuzaana. Yakianza kutoa maua, kabla hayajakomaza mbegu, nayakata na kuyafukia. Mwaka wa nne nyanya inarudi, na tofauti unaiona kwa macho.

Andika kwenye daftari. Baada ya miaka miwili hutakumbuka kitanda kipi kilikuwa na nini, na kumbukumbu ya mwenzako nyumbani itapingana na yako.

Kalenda ya Tabora

Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai una ubaridi, na Septemba na Oktoba jua linachoma.

Msimu mkuu wa nyanya za uani uanze kitaluni mwezi Machi. Unapandikiza katikati ya Aprili, mvua zikiwa zinaaga, udongo bado una unyevu. Unavuna kuanzia mwisho wa Juni au Julai hadi Agosti. Mwenye maji ya uhakika anaweza kusia kitalu cha pili mwezi Mei. Nyanya zinazotoa maua Oktoba hupukutisha mengi, kwa sababu joto likipita nyuzi 32 mchana na usiku usipopoa, chavua haifanyi kazi. Usihangaike kutafuta dawa ya hilo.

Nyanya za masika zinawezekana, lakini unapigana na bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, kila wiki. Kama unaanza, ziache.

Mbegu

Kwa nyumbani napendekeza mbegu za kawaida, si chotara, kwa sababu utaweza kujitunzia. Tengeru 97 na Tanya zilitolewa kwa wakulima hapa nchini mwaka 1997, na bado ni nzuri. Tengeru 97 ninaipenda kwa sababu inavumilia minyoo fundo na mnyauko wa fuzari, unaoletwa na ukungu. Tanya ni fupi, ina ganda gumu, haihitaji fito ndefu. Roma VF inajulikana na kila mtu. Hizo herufi V na F kwenye paketi zinamaanisha inavumilia aina mbili za mnyauko wa ukungu. Ukiona N, ni minyoo. Soma herufi kabla ya kutazama picha.

Kitalu

Miche mibaya haitengenezeki baadaye. Kitalu kidogo cha mita moja ya mraba kinakutosha na kubaki.

Udongo wa kitalu ndio mahali pa kutumia nguvu. Wakulima wa tumbaku wana desturi ya kuchoma matawi juu ya kitalu kabla ya kusia, nao wana sababu: moto unaua minyoo na mbegu za magugu. Kwa kitalu cha nyumbani ninafanya jikoni. Nachanganya udongo wa msituni ndoo moja, mboji iliyochekechwa nusu ndoo, na mchanga wa mtoni nusu ndoo. Naulowanisha hadi uwe na unyevu wa kushikana, nauweka kwenye debe kuukuu juu ya moto wa wastani, nafunika kwa gunia bichi, na katikati nafukia kiazi mviringo kidogo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Uache upoe siku nzima.

Sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, kina cha sentimita moja, mbegu zisibanane. Funika kwa nyasi kavu, mwagilia kwa keni asubuhi. Mbegu huchomoza kati ya siku 5 na 10. Zikichomoza tu, ondoa nyasi jioni hiyohiyo, usisubiri kesho, la sivyo miche itarefuka na kuwa myembamba kama uzi. Weka kichanja cha kivuli chepesi wiki mbili za kwanza. Wadudu weupe wadogo wanaoruka ukigusa majani ndio wanaoleta ule ugonjwa wa kujikunja majani ambao wakulima wanauita rasta, na mche ukiupata utotoni hauzai. Ukipata kitambaa cha chandarua kisichotumika na kisicho na matobo, kifunike kitalu kizima.

Siku saba kabla ya kupandikiza, punguza maji na ondoa kivuli chochote kilichobaki ili miche ikomae. Iko tayari ikiwa na wiki nne hivi, majani manne hadi sita, shina nene kama penseli nyembamba.

Kuandaa kitanda na kupandikiza

Wiki mbili kabla, chimba kitanda kina cha jembe zima na changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita mbili za mraba. Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono, wala harufu ya zizi. Ya kuku ni kali. Itumie nusu ya kiasi hicho, nayo iwe imekaa miezi mitatu.

Mashimo yaachane sentimita 50 hadi 60. Weka konzi mbili za mboji kila shimo. Kama una mbolea ya DAP, kizibo kimoja cha soda kinatosha, ukichanganye na udongo ili mizizi isiiguse. Pandikiza jioni. Zamisha shina hadi karibu na majani ya chini, maana nyanya huota mizizi kwenye shina lililofukiwa. Zungushia shina kipande cha karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo, ili sota wasilikate usiku.

Weka fito siku hiyohiyo, urefu wa mita moja na nusu. Ukichomeka baadaye utatoboa mizizi, na kidonda kwenye mzizi ni mlango wa bakteria. Funga kwa kamba ya katani au kitambaa, fundo la namba nane, usibane shina.

Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne. Zinahifadhi maji, na zinazuia tone la mvua kurusha udongo wenye ukungu kwenye majani ya chini, ambako bakajani huanzia. Ninaamini matandazo yameniokolea nyanya nyingi kuliko dawa yoyote niliyonunua.

Maji

Mwagilia shinani, asubuhi, kwa kina. Kwenye mchanga wetu, lita mbili kwa mche kila baada ya siku mbili ni bora kuliko kikombe kila siku. Kikombe kinalowanisha juu tu na mizizi inabaki juujuu. Wakati wa matunda na jua kali, lita mbili kila siku.

Ukiona tunda linaanza kidoa cheusi, kilichobonyea, upande wa chini, huko ni kuoza kitako. Si ugonjwa wala mdudu. Mmea umekosa kalsiamu kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika kisha yakaja mengi. Nimeona watu wakipulizia dawa ya ukungu wiki tatu kwa tatizo hili. Rekebisha maji, toa matunda yaliyoharibika, yatakayofuata yatakuwa mazima.

Kupogoa na kulisha

Aina ndefu zipunguzwe vichipukizi vinavyoota kwapani, kati ya jani na shina, vikiwa bado vifupi kama kidole. Vunja kwa mkono asubuhi kukiwa kukavu. Fupi kama Tanya ziache. Majani yote yanayogusa ardhi yaondoe. Maua ya kwanza yakitokea, weka kizibo cha soda cha mbolea ya CAN kwa mche, sentimita 10 mbali na shina, au lita moja ya maji ya samadi yaliyokaa wiki mbili na kuzimuliwa yawe rangi ya chai ya rangi. Usizidishe, nyanya iliyoshiba naitrojeni ina majani mazuri na matunda machache. Saa nne asubuhi, zikitoa maua, zitikise fito kidogo ili chavua idondoke.

Ikinyauka, usibahatishe

Kunyauka kuna sababu zaidi ya moja, na kila moja ina hukumu yake. Fanya hivi.

Ng'oa mche mmoja mgonjwa pamoja na udongo wake, suuza mizizi kwenye ndoo. Vinundu visivyobanduka kwa ukucha ni minyoo fundo. Vinundu vidogo vinavyobanduka kirahisi hupatikana kwenye karanga na maharage, na hivyo ni vya heri; usivichanganye.

Kama mizizi haina vinundu, kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Lininginize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji tu, utulie. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka polepole kutoka kwenye ncha, huo ni mnyauko wa bakteria. Mara ya kwanza kuona nyuzi zile nilikaa nikizitazama mpaka maji yote yakawa na ukungu. Mche wa namna hii hunyauka ukiwa kijani kibichi, ndani ya siku chache, na hauinuki jioni. Hauna dawa. Ung'oe na udongo wake, uchome, osha jembe, na usiyapitishe maji ya mtaro hapo kwenda kwa miche mingine. Kitanda hicho kisione ukoo wa nyanya kwa miaka mitatu au zaidi.

Kama glasi inabaki safi, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani, na majani ya chini yaliyogeuka njano upande mmoja, ni mnyauko wa fuzari. Msimu ujao tafuta mbegu yenye herufi F.

Kantangaze na bakajani

Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, alitoka Amerika ya Kusini na aliripotiwa nchini kwetu mwaka 2014. Dalili ni mabaka meupe kama karatasi kwenye majani. Ukiyainua kwenye mwanga utaona kiwavi mdogo ndani na uchafu wake mweusi. Baadaye anatoboa tunda karibu na kikonyo. Anajificha ndani ya jani, ndiyo maana dawa nyingi hazimfikii. Kwa miche kumi na minne, silaha ni vidole: kila asubuhi pita, chuma majani yenye mabaka, yafunge kwenye mfuko wa nailoni na uache juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye mboji. Maduka ya pembejeo yana mitego yenye harufu ya jike. Iweke juu ya beseni la maji na sabuni, madume yanazama. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanasaidia kama utapulizia mapema na kurudia kila wiki. Kantangaze humalizia ukuaji wake zaidi kwenye udongo, kwa hiyo ule mzunguko wa vitanda unamgusa naye.

Bakajani tangulia huanza majani ya chini, madoa ya kahawia yenye miduara ndani yake. Bakajani chelewa ni mkali zaidi: mabaka makubwa kama yaliyounguzwa, na kwenye hali ya baridi na unyevu bustani inaweza kuisha ndani ya wiki. Nafasi, fito, matandazo na kumwagilia shinani ndiyo kinga. Ikibidi kupuliza dawa ya ukungu, fuata kipimo cha lebo, vaa glavu na barakoa, hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Mkoa unaoishi kwa asali usiwaue kwa ajili ya ndoo tatu za nyanya.

Mwisho wa msimu

Hapa ndipo mwaka ujao unapoamuliwa, na hapa ndipo watu huacha. Miche iliyomaliza kuzaa ing'olewe na mizizi yote, isiachwe ikifia shambani. Kagua mizizi ya kila mmoja, andika kwenye daftari ni mingapi ilikuwa na vinundu. Yenye afya iende kwenye mboji, migonjwa ichomwe.

Kama vinundu vilikuwa vingi, tumia jua la Septemba na Oktoba. Lainisha kitanda, mwagilia mpaka kilowe kina cha jembe, kifunike kwa nailoni angavu, si nyeusi, fukia kingo zote pande nne, na uache wiki sita. Joto linalokusanyika chini yake linapunguza minyoo, ukungu na mbegu za magugu kwenye tabaka la juu. Kisha weka mboji mpya, na mvua za Novemba zikianza panda karanga. Kwa mwaka huo kama hamu ya nyanya imekuzidi, tumia ndoo kuukuu za lita 20 zilizotobolewa chini, udongo uliopikwa, juu ya matofali.

Mbegu zako mwenyewe

Chagua mche, si tunda. Tafuta uliozaa vizuri bila dalili ya ugonjwa hadi mwisho, ufunge kitambaa chekundu mapema ili watoto wasiuchume. Tunda liive kabisa shinani. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili hadi tatu kivulini mpaka utando uumuke juu na harufu ibadilike. Ule uchachu unaondoa ute unaozuia mbegu kuota na unaua baadhi ya vimelea. Jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea. Zinazozama suuza mara tatu, anika kwenye sahani ya udongo kivulini, zigeuze kila siku zisishikane. Zikikauka hadi kuteleza kati ya vidole, ziweke kwenye bahasha, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko na konzi ya majivu makavu chini. Zikikaa kavu na mahali pa baridi zinaota vizuri kwa miaka minne.

Juu ya bahasha andika jina la aina, mwezi, na namba ya kitanda. Zangu za mwaka huu zimetoka kitanda cha tatu. Mwakani zinaingia cha nne, ambacho wiki iliyopita nimefukia marejea yake.